Wi-Fi imejaa lakini haiendi: maswali kuhusu masafa ya pamoja na sikio la kipokezi

Kazi yangu ni kufunga mitandao ya Wi-Fi: nyumba za wageni, ofisi ndogo, majengo ya kupanga ambako kila mlango una rauta yake. Mengi ya maswali haya nimeulizwa nikiwa juu ya ngazi, kebo nimeibana kwa meno, au kwa ujumbe wa sauti saa tano usiku. Nimeyajibu hapa kwa kirefu ili siku nyingine nitume kiungo tu nilale.

Alama ya Wi-Fi kwenye simu imejaa. Mbona video inazunguka tu?

Ile alama inakuonyesha jambo moja: sauti ya rauta yako inafika kwa nguvu kiasi gani hapo ulipo. Haikwambii wangapi wengine wanapiga kelele kwenye masafa hayohayo. Harusini mtu anaweza kukusemesha kwa sauti yote aliyo nayo na usiambulie neno, kwa sababu ya spika la taarabu lililo nyuma ya kiti chako. Sauti yake haikupungua. Kilichoharibika ni uwiano kati ya sauti yake na kelele iliyokuzunguka wewe.

Uwiano huo tunaupima kwa desibeli. Wi-Fi ikitaka kwenda kwa mwendo wa juu inahitaji mawimbi yawe juu ya kelele kwa desibeli 25 hivi, yaani yazidi kelele mara 300 kwa nguvu. Yakipungua hapo haikatiki, inapunguza mwendo. Alama imejaa, mwendo umeporomoka, na wewe unampigia simu mtoa huduma kumlaumu kwa kosa ambalo mara nyingi liko sebuleni kwako.

Masafa ya pamoja ni yapi? Si kila kampuni ina masafa yake?

Kampuni za simu ndiyo, zina yao. Zinalipia leseni, na mwingine akiingia humo amevunja sheria. Wi-Fi na Bluetooth hazina cha kwao. Zinaishi uwanja wa wazi, hasa kati ya megahezi 2400 na 2483.5, na katika vipande kadhaa vya gigahezi 5. Uwanja ule wa 2400 ulikuwa wa majiko ya maikrowevu na mashine za viwandani na hospitalini. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vifaa vya mawasiliano visivyo na leseni viingie humo kwa masharti, na nchi nyingine zikafuata kila moja kwa taratibu zake. Kwetu Tanzania mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, na kwa majirani zetu wa Kenya mwenzake, CA, huweka kikomo cha nguvu za kurusha. Baada ya hapo kila mtu na lwake.

Masharti makubwa ni mawili: usimuumize mwenye haki na masafa, na wewe ukiumizwa vumilia. Hilo la pili watu hawalijui mpaka siku wanapokwenda kulalamika.

Kwa nini mafundi mnasema mwingiliano hutokea kwenye kipokezi? Mawimbi si hugongana hewani?

Hewani hayagongani. Mawimbi mawili ya redio yakikutana juu ya paa la jirani hupitana, kila moja na safari yake, kama miale ya tochi mbili inayokatizana gizani. Balaa linaanza yanapoingia kwenye antena moja kwa wakati mmoja. Hapo kipokezi kinapata mchanganyiko, na kuchambua lipi ni lipi kunaweza kukishinda.

Kwa hiyo mwingiliano una mahali pake. Unaweza kuwepo sebuleni na usiwepo chumbani, kwa rauta ileile, dakika ileile. Na anayerusha hana habari. Rauta ya nyumbani hurusha kwa nguvu ya miliwati 100 hivi, dBm 20 (dBm ni nguvu ya mawimbi kwa desibeli; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo sauti inavyofifia). Sauti ya simu yako ikiifikia inaweza kuwa dBm −70, yaani pungufu mara bilioni moja. Wakati rauta inapaza sauti namna hiyo, haiwezi kusikia kitu chochote kwenye chaneli yake, yaani kile kipande cha masafa inachotumia. Basi ukitaka kujua kama ujumbe umefika salama, wa kuulizwa ni aliyeupokea. Karibu kila ufundi nitakaoueleza huku chini unatokana na hilo.

Lakini nimesoma kwamba Wi-Fi husikiliza kwanza kabla ya kusema. Haitoshi?

Inasaidia sana, lakini haitoshi. Kifaa cha Wi-Fi kikitaka kurusha husikiliza kwanza. Kikisikia mwenzake wa Wi-Fi anaongea kwa dBm −82 au zaidi, kinanyamaza na kungoja. Kelele isiyo ya Wi-Fi ni mpaka ifike dBm −62 ndipo kinaiheshimu. Adabu nzuri, ila ina kasoro: anayesikiliza ni yule anayetaka kusema, na anasikiliza pale alipo yeye. Anayehitaji ukimya yuko kwingine.

Nilielewa hili kwa uchungu katika nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe, Unguja. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene zaidi ya nusu mita, milango ya mbao nzito. Rauta ilikuwa ukumbini, katikati ya vyumba vya mbele vinavyotazama uchochoro na vyumba vya nyuma vinavyotazama uwanja wa ndani. Asubuhi kila kitu shwari. Magharibi wageni wakirudi kutoka ufukweni, simu zao zinaanza kupakia picha za siku nzima, na mtandao unakuwa uji. Mwenye nyumba alikwisha kulipia kifurushi kikubwa zaidi mara mbili.

Nilikaa ukumbini na laptopu. Rauta ilikuwa inazisikia simu za mbele na za nyuma vizuri sana, zote. Nikahamia chumba cha mbele, nikategesha laptopu isikilize simu iliyokuwa ikirusha kutoka chumba cha nyuma. Kimya. Kuta mbili za matumbawe zilikuwa zimemeza kila kitu. Basi simu ya mbele inasikiliza, inasikia kimya, inaanza kurusha. Ya nyuma nayo vilevile. Zote zimefuata adabu, na zote mbili zinaishia kwenye sikio la rauta kwa pamoja, hakisikiki hiki wala kile.

Hili linaitwa tatizo la kituo kilichojificha. Watafiti Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock walilichambua mwaka 1975, enzi ambazo hakukuwa na Wi-Fi wala simu ya mkononi mfukoni mwa mtu.

Sasa kipokezi kinasaidiaje?

Kwa hodi. Sisi tunalijua hili kuliko wahandisi. Huingii nyumba ya mtu kwa sababu tu wewe, ukiwa barazani, umeona kumetulia. Unapiga hodi, unangoja, na ruhusa inatoka ndani: “Karibu!” Aliye ndani ndiye anayejua kama kuna mgeni mwingine au kama nyumba iko tayari.

Wi-Fi ina hodi yake. Simu inatuma ujumbe mfupi wa baiti 20 uitwao RTS: naomba kurusha, nitachukua muda kadhaa. Rauta ikiwa haina shughuli inajibu kwa CTS, baiti 14: haya, karibu, muda ni huo. Uzuri wa jambo uko kwenye jibu. “Karibu” inatoka kwa kipokezi, kwa hiyo inasikika na kila aliye karibu na kipokezi, wakiwemo wale ambao hawakuisikia hodi. Simu ya chumba cha nyuma haijaisikia simu ya mbele, lakini inaisikia rauta vizuri. Inasoma muda uliotajwa, inaweka saa yake ya ndani, inanyamaza mpaka muda uishe.

Na ikitokea hodi mbili zikagongana, kilichopotea ni baiti 20 tu, picha ya megabaiti kadhaa bado iko salama kwenye simu. Wazo hili mhandisi Phil Karn aliliandika mwaka 1990 kwa ajili ya redio za ridhaa, watafiti wa maabara ya Xerox PARC na chuo kikuu cha Berkeley wakaliendeleza mwaka 1994, na kiwango cha kwanza cha Wi-Fi cha 1997 kikalibeba.

Basi mbona haijawashwa kwenye rauta yangu?

Ingia kwenye mipangilio ya ndani ya rauta, tafuta mahali palipoandikwa RTS. Nyingi utakuta namba 2347 au 2346. Maana yake ni kwamba piga hodi kwa fremu (kipande kimoja cha data kinachorushwa) kubwa kuliko baiti hizo, na kwa kuwa fremu moja ya kawaida haifiki ukubwa huo, hodi haipigwi. Watengenezaji wameizima kwa sababu hodi ina gharama. RTS na CTS hurushwa kwa mwendo wa polepole ili hata kifaa dhaifu kielewe, na kama nyumba yako ni ya chumba na sebule ambako kila kifaa kinamsikia mwenzake, utakuwa unapoteza muda bure.

Hapa niungame. Katika ile nyumba ya wageni niliishusha namba ile kwenye rauta hadi 500, nikaondoka kifua mbele. Siku ya pili napigiwa simu: hali ni ileile. Sikuwa nimefikiri. Namba ya kwenye rauta inatawala fremu ambazo rauta yenyewe inarusha, na rauta ilikuwa inasikika na wote, haikuwa na shida. Waliokuwa wanagongana ni simu zikipakia, na simu ya mgeni haina mahali pa kumruhusu fundi abadilishe namba hiyo. Wi-Fi 6 imerekebisha hilo kwa kiasi: rauta inaweza kutangazia vifaa kwamba kila anayetaka kushika hewa zaidi ya muda fulani apige hodi kwanza. Rauta ile ilikuwa ya zamani, na nusu ya simu pia.

Tulichofanya mwishowe ni kuvuta kebo kupitia ngazini na kuweka kituo cha pili upande wa uwanja wa ndani, chaneli tofauti. Kebo haina kituo kilichojificha. Mpaka leo mtu akiniambia anataka “kuongeza nguvu ya Wi-Fi”, namuuliza kwanza kama yuko tayari kutoboa ukuta.

Kipokezi kisipojibu, kirushaji kinajuaje kosa lilikuwa nini?

Hakijui, na hapo pana kisa. Kila fremu ikifika salama, kipokezi hurudisha neno fupi la kukiri. Neno lisiporudi, kirushaji kinahesabu kwamba fremu imepotea: kinangoja muda wa bahati nasibu, kinajaribu tena, na kila kikishindwa kinatanua wigo wa kungoja karibu mara mbili, kutoka vipande 15 vya muda hadi kikomo cha 1023. Lakini ukimya hauna maelezo. Fremu ilipotea kwa sababu uko mbali, au kwa sababu mtu mwingine aliongea juu yake?

Jibu la kila moja ni kinyume cha jingine. Ukiwa mbali, punguza mwendo, ongea polepole. Ikiwa ni kugongana, kupunguza mwendo kunaharibu zaidi, maana fremu ileile sasa inachukua muda mrefu hewani na uwezekano wa kugongwa unaongezeka. Vifaa vingi hukisia kuwa uko mbali. Ndiyo maana mtandao uliozidiwa hauchoki taratibu. Unaanguka kwa kishindo.

Maikrowevu ni mfano mzuri wa kutazama kwa karibu. Umeme wetu ni wa hezi 50, mzunguko mmoja milisekunde 20. Maikrowevu za kawaida zenye transfoma hutoa mawimbi yake katika nusu ya kila mzunguko, kisha hutulia nusu nyingine. Yaani wakati unapasha wali wa jana, kuna upenyo wa milisekunde 10 hivi, mara 50 kila sekunde, ambao hewa ni safi. Fremu fupi ya haraka inapenya humo bila shida. Kifaa kinachokisia vibaya kikapunguza mwendo hadi wa chini kabisa kinarefusha fremu zake mpaka nyingi hazitoshi kwenye upenyo. Kingepata ripoti kutoka kwa kipokezi, “nakusikia vizuri isipokuwa kwa vipindi”, kisingefanya hivyo.

Kuna vifaa vinavyotoa ripoti ya namna hiyo?

Vipo, na mfano ninaoupenda ni Bluetooth. Ile ya kawaida inarukaruka katika chaneli 79, mara 1600 kwa sekunde. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 imekuwa na tabia ya kukwepa: vifaa vinaweka orodha ya chaneli mbovu, na kifaa cha pembeni, tuseme spika au visikizi vyako, kinaweza kumwambia kiongozi wake kwamba hapa kwangu chaneli hizi na hizi hazifai. Simu inaweza kuwa mfukoni mahali pasafi wakati kichwa chako kiko karibu na rauta. Bila taarifa ya sikioni, simu ingerukia kelele tu. Ila orodha haiwezi kubaki na chaneli pungufu ya 20, ili wasije wote wakajazana pembe moja.

Mitandao ya simu za mkononi imekwenda mbali zaidi. Simu yako ya 4G hutuma mnarani namba kati ya 0 na 15 kueleza hali ya hewa ya redio hapo ilipo, na mnara unapanga mwendo kulingana na namba hiyo. Hutuma pia vipimo vya minara jirani. Wi-Fi ilichelewa, nyongeza ya mwaka 2008 iitwayo 802.11k iliiwezesha rauta kukiuliza kifaa kinasikia vituo gani, chaneli ina msongamano kiasi gani, kelele ikoje. Kuuliza inaweza. Kujibiwa ni jambo jingine, simu nyingi za bei nafuu hazijibu au hujibu nusunusu.

Nichague chaneli gani? Rauta imeandikwa “auto”.

Auto inachagua kwa masikio ya rauta, na rauta iko dirishani au juu ya kabati. Chukua simu, weka programu ya kupima Wi-Fi, nenda ukakae pale unapotumia intaneti kweli: kitandani, mezani, kwenye kochi. Tazama jirani gani anasikika hapo. Kisha chagua.

Kwenye gigahezi 2.4, ule uwanja wa megahezi 2400, baki na chaneli 1, 6 au 11. Nakuomba. Kila jengo lina mjanja mmoja aliyeona 1 na 6 zimejaa akajiweka 3, akadhani amepata kiwanja kitupu. Chaneli zimepishana kwa megahezi 5 tu, na Wi-Fi inachukua 20 au zaidi, kwa hiyo wa 3 anawakanyaga wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Ubaya zaidi, hawaelewi wala hawamwelewi. Jirani wa chaneli yako mwenyewe ni mtu wa kupokezana naye: unaisikia hodi yake, unaisikia “karibu” ya rauta yake, unangoja zamu. Wa chaneli ya kando kwako ni ngurumo isiyo na maneno, na kama haijafika ile dBm −62 hunyamazi, unaongea juu yake.

Ukiweza, hamia gigahezi 5. Kuta zinaizuia zaidi, na kwa jengo la kupanga hilo ni jema.

Vipi kipokezi ambacho hakiwezi kusema chochote, kama televisheni?

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote. Televisheni ya bibi yangu inapokea tu. Haina njia ya kusema “karibu” wala “ngoja”. Nchi zilipohama kutoka analojia, Dar es Salaam ikazimiwa mwisho wa mwaka 2012, Kenya ikamaliza mwaka 2015, mjadala ukawa: chaneli za televisheni zisizotumika mahali fulani, je, zinaweza kupeleka intaneti vijijini? Mawimbi ya masafa hayo yanafika mbali na hupita miti vizuri. Kenya walijaribu karibu na Nanyuki kuanzia 2013, mradi wa Mawingu, vituo vikiendeshwa kwa umeme wa jua.

Marekani mwaka 2008 walitaka kila kifaa cha namna hiyo kisikilize matangazo ya televisheni hadi dBm −114, sauti ndogo mno. Kwa nini ndogo hivyo? Kwa sababu kifaa kinaweza kuwa bondeni, hakisikii matangazo kabisa, huku antena ya jirani iko juu ya paa inayapata vizuri. Ni ukuta wa matumbawe uleule. Kutengeneza sikio la namna hiyo kulikuwa ghali, na mwaka 2010 FCC iliondoa sharti hilo kwa vifaa vinavyouliza kanzidata: kifaa kinataja mahali kilipo, kanzidata inajibu chaneli gani ni huru hapo. Kipokezi kisichoweza kusema kimepata msemaji.

Na rada? Rauta yangu ya 5 hupotea ghafla kisha hurudi chaneli nyingine.

Imesikia rada, au imedhani imesikia. Kuna vipande vya gigahezi 5, chaneli 52 hadi 144, ambavyo Wi-Fi inavitumia kama mpangaji wa rada. Kabla ya kuanza, rauta lazima isikilize kwa sekunde 60. Ulaya, kwenye megahezi 5600 hadi 5650 za rada za hali ya hewa, ni dakika 10 nzima. Ikisikia mapigo ya rada inahama na hairudi chaneli hiyo kwa dakika 30.

Lakini si nimesema kusikiliza mahali pako hakutoshi? Kwa rada kunatosha, kwa sababu rada inapaza sauti na kusikiliza kwa antena ileile. Ukiisikia kwa nguvu, jua na wewe utasikika kwake. Televisheni haina bahati hiyo, mnara wake uko mlimani na sikio lake liko kwa bibi.

Mpango huu unavunjika watu wakizima usikilizaji huo ili Wi-Fi isikatike. Mwaka 2009 Marekani waligundua rada ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa San Juan, Puerto Rico, inapata mwingiliano kutoka vifaa vya gigahezi 5 vya nje. Rada ile kazi yake ni kuonya marubani kuhusu upepo wa ghafla wakati wa kutua. Fundi akikwambia “nimekubadilishia nchi kwenye mipangilio ili ipate nguvu zaidi”, mwambie airudishe.

Kuna mahali wamepanga vizuri kushirikiana na mwenye masafa?

Marekani tena, megahezi 3550 hadi 3700. Wenye haki ya kwanza ni rada za jeshi la majini. Wanafuata waliolipia, kisha wasiolipia. Meli ya kivita haitaki kutangaza iko wapi, kwa hiyo waliweka vihisio kando ya pwani visikilize kwa niaba yake. Kihisio kikisikia rada, mfumo wa kati una sekunde 300 kuwahamisha au kuwanyamazisha walio chini, na kila kituo kinapaswa kuripoti kwenye mfumo mara kwa mara, la sivyo ruhusa inakwisha. Kanuni ni za 2015, biashara kamili ilianza Januari 2020.

Je, kipokezi chenyewe kinaweza kuwa mkosaji?

Ndiyo, na mimi huwa sioni huruma. Kuna vipokezi vinavyoacha dirisha wazi kisha vinalalamika jirani anapiga muziki nyumbani kwake.

Kampuni ya LightSquared ilitaka kujenga mtandao wa simu Marekani kwenye megahezi 1525 hadi 1559. GPS iko 1575.42, pembeni tu, na sauti yake kutoka satelaiti ni hafifu kupita kiasi. Vipokezi vingi vya GPS vilikuwa na chujio pana, vinavuta na masafa ya jirani. Majaribio yakaonyesha vitazimwa, FCC ikarudi nyuma Februari 2012, na kampuni ikaomba kinga ya kufilisika mwezi Mei. Ni kweli pia kwamba masafa yale hapo awali yalikuwa ya satelaiti, minara ya ardhini yenye nguvu ilikuwa jambo jipya. Kila upande ulikuwa na hoja.

Januari 2022 ikajirudia hukohuko Marekani: 5G ikaanza kuwashwa katika masafa yaliyotengwa kwa ajili yake, megahezi 3700 hadi 3980, na vipima kimo vya ndege, vinavyofanya kazi 4200 hadi 4400, vikaonekana vinaweza kusikia kisichowahusu. Pengo la megahezi 220, na bado. Minara karibu na viwanja vya ndege ikacheleweshwa, ndege zikatakiwa kufungwa vichujio au vipima vipya. Ulaya sheria yao ya vifaa vya redio ya mwaka 2014 inamhesabu mpokeaji pia, na FCC mwaka 2023 ilitoa tamko la sera linalosema wazi kwamba ubora wa vipokezi ni sehemu ya mzigo. Imechukua muda mrefu kusemwa.

Je, mtu anaweza kudanganya kwa kutuma “karibu” za uongo?

Anaweza. CTS inaweza kutaja muda hadi mikrosekunde 32,767, na kila anayeisikia ananyamaza. Mtu akizituma mfululizo, jengo zima linangoja mgeni asiyekuja. Ni hujuma inayojulikana tangu zamani. Sijawahi kukutana nayo kazini. Nikiambiwa “tumehujumiwa” kwa kawaida nakuta rauta imewekwa nyuma ya friji.

Nikiona mwingiliano, nilalamike wapi?

Kama ni Wi-Fi ya jirani inayofuata sheria, zungumza na jirani, mgawane 1, 6 na 11. Mdhibiti hatakusaidia, ulikubali kuvumilia. Kama ni kifaa cha kuziba mawasiliano, au kile cha kuongeza nguvu ya simu kilichofungwa juu ya paa bila kibali, hilo ni la TCRA au CA.

Kabla hujaniita mimi, andika karatasini siku tatu: saa ngapi inakwama, umekaa wapi, nani mwingine alikuwa anatumia nini. Saa ndiyo muhimu kuliko vyote. Na kama unashuku maikrowevu usiizime kabla sijafika, weka kikombe cha maji ndani tuiwashe nikiwepo.